Maziwa ya Kakakuona

Nilichelewa mazishi ya Dokta Annelie kwa sababu ndege iliahirishwa Dar es Salaam, kwa hiyo badala ya kusimama kaburini nilijikuta nimeketi katika jiko la hospitali yake ya wanyamapori, kaskazini mwa Johannesburg, nikichovya kwenye chai zile biskuti ngumu za huko ambazo usipozichovya zinaweza kukung'oa jino. Jiko lilikuwa vilevile. Friji mbili, moja ya chakula cha watu na nyingine ya vifaranga waliokufa wa kulishia bundi, kila moja imebandikwa karatasi yenye maandishi makubwa, kwa kuwa kuna aliyewahi kukosea. Madaktari vijana waliokuwa zamu walinizunguka kwa heshima iliyonitia haya. Wao wananijua kwa kazi, kwamba sehemu kubwa ya maisha yangu ya udaktari nimeitumia nikimfuata kakakuona, mnyama wa magamba anayekula sisimizi na mchwa, asiyependa kuonekana na mtu. Mmoja wao, binti wa mtaa wa Alexandra mwenye miwani, akaniuliza, "Dokta Rukia, ni kweli ulikuja hapa kujifunza simba?" Nikasema ni kweli. "Sasa ikawaje?" Nilipofungua kinywa nimjibu, simu ya dharura ikalia, wote wakatoka mbio, nikabaki na kikombe changu. Jibu lenyewe halikuwa la kikombe kimoja cha chai. Ni la mwaka mzima.

Mwaka ule nilipanga chumba Bertrams, karibu na uwanja mkubwa wa michezo, nyumbani kwa fundi cherehani wa Bukavu, Kongo, aliyeitwa Mama Neema. Nyumba ilikuwa ya matofali mekundu, yenye dari la bati lililochorwa maua kwa kupigwa chapa, kazi ya watu wa zamani waliojenga kana kwamba hawatahama. Chumba changu kilitosha kitanda, kabati na ndoo. Siku za mechi, kelele za uwanjani ziliingia dirishani kama mvua inayokuja, na nilijua nani kafunga kabla ya redio kutangaza. Cherehani tatu zilikuwa sebuleni, na jikoni kulikuwa na sufuria ya kisamvu, mwenyewe akikiita sombe, kilichopikwa kwa mawese hadi nyumba nzima ikawa na rangi ya harufu ile. Siku ya kwanza aliniuliza kazi yangu. Nikamwambia ni daktari wa wanyama. "Ah, dokta ya nyama," akasema, na mimi Mtanga nikaona nimeshushwa cheo hadi buchani. Zilipita siku kadhaa nikinung'unika moyoni mpaka nikaelewa kwamba kwao nyama ni ile iliyo sahanini na ni ile inayotembea porini pia. Nilipomweleza kwamba huko hospitalini nimepewa kakakuona, nikamchorea kwa chaki ya kushonea juu ya kitambaa, akapiga makofi. "Ile? Nimeshakula, mi mwenyewe, kwa baba yangu. Tamu kuliko kuku!" Kisha akaniona uso wangu. "Usikasirike. Ilikuwa zamani, na kulikuwa njaa. Sasa inafanya nini, ile nyama yako?" Nikasema inatembea. "Na weye?" Natembea nyuma yake. Mama Neema aliweka mkasi chini, akacheka mpaka akalia. Kila jioni baada ya hapo, kabla hajanipakulia, aliniuliza, "Leo mulitembea wapi?"

Na kweli, tulitembea. Nilikuwa nimetoka chuo Morogoro na kichwa kilichojaa bunduki za dawa ya usingizi na picha yangu mwenyewe nikiwa nimepiga goti kando ya simba dume. Annelie alinipokea getini, mwanamke mrefu wa kizungu wa huko huko, mwenye nywele za mvi alizozikata mwenyewe, tena vibaya. Hakuniuliza alama zangu. Aliniuliza, "Unaweza kukaa kimya?" Nikasema naweza. "Muda mrefu?" Nikasema ndiyo. Alinipakia garini mimi na sanduku la mbao, tukaenda kwenye shamba la nyasi nje ya jiji, mahali ambapo hatukuruhusiwa kumtajia mtu yeyote kwa sababu ya wezi. Tukiwa pale tuliona majengo marefu ya Sandton kwa mbali, na ndege zilitupita juu zikiteremka uwanjani. Kakakuona hakubali kula akiwa amefungiwa. Ukimletea sisimizi kwenye sahani atajikunja kama hujamletea kitu. Ni lazima apelekwe akatafute mwenyewe, na daktari wake amfuate.

Mpaka siku ile, nilichokijua kuhusu kakakuona ni kile wanachokijua Watanzania wengi: akionekana kijijini ni habari, watu hukusanyika, humwekea maji, unga na silaha, kisha hutazama atagusa nini ili wajue mwaka utakuwa wa mvua, wa shibe au wa vita. Niliwahi kumwona kwenye gazeti, hapakuwa na lingine. Sasa alikuwa mbele yangu, anatembea kwa miguu ya nyuma tu, mikono ya mbele ameikusanya kifuani kama bibi anayekwenda kuomba radhi. Hana jino hata moja. Ulimi wake umeshikizwa ndani sana, kwenye mbavu za mwisho, na ukitoka unang'aa kama uzi uliolowa. Alipita kichuguu kikubwa kilichojaa wadudu bila hata kukinusa, akaenda kufukua chini ya jiwe dogo lisilo na dalili yoyote, akala kwa pupa. "Kwa nini amekiruka kile?" nikauliza. Annelie akasema, "Sijui." Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Nikafikiri hajanisikia, nikauliza tena. "Nimekwambia sijui, Rukia. Hajui mtu. Ukijua wewe, uniambie." Pale chuoni sikuwahi kumsikia mwalimu akisema neno lile mbele ya mwanafunzi, sembuse kulisema kwa furaha. Nilirudi Bertrams na majani kwenye soksi na swali moja, nikalala nalo, na kesho yake nikawa na manne.

Majira ya mvua za radi yalipoanza, zile za Johannesburg zinazopiga alasiri na kuondoka kama mdai aliyelipwa, polisi walituletea jike mmoja ndani ya mfuko wa kubebea unga. Walikuwa wamemkamata mtu akimuuza kwenye maegesho ya magari ya duka kubwa. Mnunuzi alikuwa polisi. Muuzaji, walisema, ni Mkongomani, mlinzi, haongei Kiingereza cha maana. Jike alikuwa amekauka mwili, fizi zimepauka, makucha yamechubuka kwa kukwaruza. Tulimtundikia maji, tukampa chakula kwa mpira hadi tumboni, na alipopata nguvu kidogo tukampeleka shambani. Hakula. Alitembea, lakini si kwa namna ya wenzake. Alikwenda upande mmoja mpaka kwenye ua, akasimama, akanyanyua pua, akageuka, akaja hadi upande wa pili, akanusa tena. Sisimizi walimpanda miguuni, naye hakuwatazama. Siku iliyofuata ikawa hivyo, na iliyofuata. Alikuwa akipungua mbele ya macho yetu. Tulipima damu, tukapiga picha ya mapafu, tukachunguza kinyesi, na kila jibu lilirudi safi. Thandeka, muuguzi wetu, alitazama zile safari zake za kwenda na kurudi, akasema, "Eish. Huyu si mgonjwa. Huyu anatafuta."

Asubuhi moja, akiwa amelala kwa dawa ili tumbadilishie bomba la maji, nilikuwa nikimpapasa kwapani kuona kama amevimba, na glovu yangu ikalowa. Nilidhani ni dawa. Nikaminya tena, taratibu, na tone likatoka, jeupe, zito, likakaa juu ya kidole changu. Chuchu za kakakuona ziko pale, karibu na kwapa, mbili, ndogo kama punje za mtama. Nilinyoosha kidole tu, na Annelie akainama mpaka miwani yake ikakaribia kugusa lile tone. "Ana mtoto," akasema. Mtoto wa kakakuona hupanda mgongoni mwa mama, kwenye shina la mkia, na hubebwa hivyo kwa miezi. Katika ule mfuko wa unga hapakuwa na mtoto. Ama aliachwa porini siku mama alipokamatwa, na hapo angekuwa amekwisha kufa, ama yuko mahali fulani katika jiji hili lenye mamilioni ya milango. Mtu mmoja tu alijua, naye alikuwa rumande. Annelie akanawa mikono, akanigeukia. "Kiswahili chako na chake ni kimoja?" Nikasema, "Karibu kimoja."

Mpelelezi alituruhusu dakika chache kwenye ujia wa chini wa mahakama, mbele ya wakili aliyepewa na serikali amtetee, kijana aliyekuwa akila mkate. Mtuhumiwa aliitwa Kabeya. Alikuwa amevaa bado suruali yake ya ulinzi, na viatu visivyo na kamba.

"Habari za hapa, kaka."

"Weye ni Mutanzania," akasema. "Kiswahili yako ni ya redio."

"Wa Tanga. Mimi si polisi, kaka. Ni daktari. Nataka uniambie kitu kimoja tu. Mtoto yuko wapi?"

Uso wake ukasawijika. Alisimama, askari akamkalisha. "Mutoto yangu haiko na kosa! Iko kwa mama yake, anasoma. Mumuache. Mi njo nilichukua ile mufuko, si mutoto."

Ilinichukua muda kuona nilichokifanya. "La, la, kaka, nisamehe. Sisemi mtoto wako. Nasema mtoto wa yule mnyama. Mama yake ana maziwa."

"Ile kintu iko na maziwa?" Alitazama kifua changu, kisha chini, kwa aibu. "Wapi?"

"Hapa. Kwapani."

Nusura acheke. Kisha akawaza, na nikaona kule kuwaza kukimfunga uso. "Nikisema kuko mutoto, wataandika kosa mbili."

"Sijui wataandika nini. Siwezi kukuahidi kitu chochote. Najua tu kwamba asiponyonya atakufa, na mama yake amegoma kula."

Wakili alimaliza mkate, akakunja karatasi yake. Mpelelezi akatazama saa. Kabeya akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Unaikala wapi?" Nikamwambia: Bertrams, kwa Mama Neema wa Bukavu, fundi. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia jina la mtaa wa kwao.

Nikiwa garini Annelie aliniuliza amesema nini. Nikamwambia hakusema, ila ameuliza ninakokaa, nami nimemtajia. Alifunga breki kwenye taa za barabarani, roboti kama wenyewe wanavyoziita, hata gari la nyuma likatupigia honi. "Watu wanaouza wanyama hawa wana wenzao, Rukia." Nyumbani ilikuwa mbaya zaidi. Mama Neema alisimama katikati ya sebule, mita ya kupimia ikining'inia shingoni. "Umepeana nyumba yangu kwa mufungwa? Mi niko na karatasi ya mukimbizi ya kusubiri, kila mwaka nasimama mustari naomba waniongezee, na weye unaniletea polisi juu ya nyama? Nyama!" Chakula kilipakuliwa, nacho kikaliwa bila swali la tulitembea wapi.

Jumapili mchana, watu wakitoka makanisani, mlango ukagongwa. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyevaa nguo za ibada, gauni la buluu na kilemba cha kitambaa hichohicho, amebeba mtoto mgongoni kwa kitenge. Mama Neema, akidhani ni mteja, akamkaribisha. "Ingia, mama. Mutoto iko analala?" Mgeni aliingia. Aliniangalia mimi. "Weye njo dokta? Mi ni Solange. Bwana yangu amenituma." Akakalia ukingo wa kiti, akafungua kitenge taratibu, na Mama Neema akapiga yowe. Juu ya kitambaa palikuwa na kitu kama nanasi dogo bichi, kimejikunja, magamba yake laini na ya rangi ya waridi pembezoni. "Nimepanda nayo teksi kutoka mujini," Solange akasema. "Mama mumoja aliniuliza, mutoto iko na myezi ngapi. Nikasema tatu. Akasema, mbona halii? Nikasema, ni mutoto ya kunyamaza." Alikuwa amempa maziwa ya ng'ombe kwa pamba, na maji ya sukari. Mfuko uliletwa na mtu, Kabeya akaahidiwa ujira wa kuupeleka tu kwa mnunuzi. Mnunuzi alitaka mkubwa, kwa hiyo mdogo wakamwacha chumbani. Niliweka kidole kwenye lile nanasi na nikahisi pumzi, nyembamba, ya haraka. Nikapiga simu hospitalini. Nilipogeuka, Mama Neema, yeye aliyenikemea kwa siku zote zile, alikuwa amejaza maji ya moto kwenye chupa ya soda, ameizungushia mabaki ya flana, anaisukuma chini ya kitenge. Kisha akaenda kumpakulia Solange sombe. Solange hakula kwanza. Alinishika mkono. "Sasa watamuachilia?" Nikamwambia nilichomwambia mumewe, kwamba siwezi kuahidi kitu. Alisikia maneno, lakini niliona kwamba moyo wake umechukua mengine.

Annelie alikuja mwenyewe. Njiani nilimpakata yule mdogo, na niliuliza kama mama atamkubali baada ya kunuka pamba na watu na kitenge. "Sijui," akasema, na safari hii hakulisema kwa furaha. Tulimweka katika sanduku, upande wa pili wa mama, tukazima taa na kukaa sakafuni. Jike alikuwa amejikunja. Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea, ila mvua ya radi iliyoanza kupiga bati. Kisha mdogo akatoa sauti, si kilio, ni kama mtu anayepuliza chai. Jike akafunguka. Hakufunguka polepole kama tulivyomzoea. Alifunguka kama mlango. Alimnusa kichwa, mkia, tumbo, akamnusa tena, kisha akamvuta kwa mkono wenye yale makucha ya kubomolea vichuguu, akajikunja upya akiwa naye ndani. Hatukuona kitu tena, ila tulisikia akinyonya. Kesho yake shambani, jike alitembea hatua chache, mtoto akiwa amemkamata shina la mkia, akasimama kwenye ufa wa ardhi ambao mimi nisingeuona kamwe, akala mpaka pua yake ikawa nyeupe kwa vumbi. Niliporudi nilipita mlangoni kwa Annelie nikamsikia akizungumza na mtu kwenye simu kuhusu nafasi ya kufanya kazi na simba niliyoahidiwa tangu nilipokuja, huko mbugani. "Yule wa simba? Mtafuteni mwingine. Huyu nina kazi naye." Wiki moja kabla yake ningeingia kulia na kudai haki yangu. Nilikwenda jikoni nikachemsha maji.

Binti yule wa Alexandra angependa, nadhani, niishie hapo. Lakini kesi ilisikilizwa. Annelie aliandika maelezo kwamba familia ilimrudisha mtoto kwa hiari, akasimama kwenye kizimba cha mashahidi akayasema kwa mdomo wake. Hakimu alisikiliza, akashukuru, na akamfunga Kabeya miaka kadhaa, akisema akimaliza arudishwe kwao. Solange alikuwa benchi la nyuma. Hakulia. Alinitazama mara moja, akatoka, na mimi sikumfuata, maana sikuwa na la kumpa. Hadi leo, ninapoalikwa kufundisha maofisa wa mipakani jinsi ya kumshika kakakuona aliyekamatwa, huwaomba wamwulize mtuhumiwa kwa lugha yake, na wamwulize kwanza kuhusu mnyama, kabla ya kosa. Wengine huandika. Wengine hutazama simu zao.

Tuliwaachia mwishoni mwa mvua za kule, mbali kaskazini, nyasi zikiwa zimeanza kupata rangi ya simba niliyemkosa. Mama alikuwa na kifaa cha mawimbi cha kumfuatilia kwenye gamba moja, na mtoto alikuwa amekua kiasi kwamba miguu yake iliburuzika. Hawakugeuka nyuma. Wanyama hawageuki. Niliporudi Johannesburg, kabla hata sijafika Bertrams, nilishuka mjini nikapanda ngazi za jengo moja kuukuu lenye kanisa ghorofa ya kwanza na saluni ghorofa ya pili, alikonielekeza Mama Neema. Solange alikuwa akisuka. Wanawake waliokuwa pale, wote wa Kongo, waligeuka walipoona ninavyomtazama.

"Tumewaachia," nikasema. "Wote wawili. Mama anakula. Mtoto anafukua mwenyewe sasa."

Hakusimamisha vidole. Alimaliza msuko, akafunga ncha, akaanza mwingine. Nilifikiri ndiyo basi, nikageuka kuelekea mlangoni.

"Ilikuwa mwanaume ao mwanamuke?" akauliza.

"Mwanamke."

"Mwanamuke!" Akashusha mikono. "Mi nilikuwa naiita Junior. Siku zote zile. Junior, kunywa. Junior, usilie, papa atarudi." Yule aliyekuwa akisukwa akaanza kucheka, wengine wakafuata, na Solange naye akacheka, mabega yakimtikisika, kisha akapangusa uso kwa kifundo cha mkono kwa sababu vidole vilikuwa na mafuta. "Nitamuambia siku ya kumuona. Atacheka, yule."

Akanitazama kichwani, ushungi uliochakaa kwa jua la porini na nywele zilizochomoza kando. Akavuta kiti kwa mguu.

"Ikala," akasema. "Toa ile kitambaa."

Nikakaa. Alichana kila fundo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na mimi nikamwachia kichwa.